Kiti cha Dereva cha Mzee Singano

Sogezeni viti, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii iliwashinda hata waliokuwamo ndani yake.

Korogwe palikuwa na mzee aitwaye Singano, ambaye ujanani alikuwa dereva wa mashindano ya magari. Alijaliwa watoto watatu, na kila mmoja alikuja na lake. Sauda, wa kwanza, alikuwa fundi bodi. Bati lililokunjamana kama karatasi, likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka. Mbelwa, wa kati, alikuwa fundi injini, na watu walimletea magari kutoka Handeni hadi Muheza. Chausiku, kitinda mimba, hakuwa fundi wa chochote, ila alikuwa na sikio. Mtoto mchanga wa jirani akilia na mama yake akashindwa kumwelewa, alipelekwa kwa Chausiku, naye Chausiku angesema ni njaa, au ni tumbo, au ni usingizi tu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda, na ndani yake mlikuwa na gari la mbio la zamani, jekundu, milango miwili, viti viwili. Mzee alishindana nalo miaka mingi, kisha majukumu ya nyumba yakamzidi, akaliegesha. Kutu ikaingia, kuku wakawa wanatagia kwenye viti.

Ndipo mzee akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalala. Siku moja baada ya chakula cha mchana aliwaita wanawe wote, akawaambia hana tamaa tena ya mambo mengi, lakini moja limebaki.

"Nataka kupanda Lushoto na gari lile kabla sijafa," alisema. "Atakayelifufua ndiye atakayenipandisha, na ufunguo utabaki kwake."

Hakuna aliyeuliza itakuwaje wakilifufua wote.

Sauda alianza. Alipong'oa mazulia alikuta sakafu hamna. Ukikaa ndani unaona udongo wa bandani. Alichomelea bati jipya, na kila alipoziba tundu moja, moto ulitoboa jingine pembeni, kwa sababu bati la zamani lilikuwa limebaki jembamba kama ganda la kitunguu. Akakata, akatupa, akaanza upya. Mwali wa kuchomelea ukamwingia machoni, akalala na vitambaa vya maji usoni huku wateja wake wakihamia kwa mafundi wengine. Alipoinuka alirudi bandani. Mlango wa kushoto ulikataa kufunga, akaunyoosha, ukafunga, wa kulia nao ukaanza kukataa. Majirani walizoea kumsikia akilisema lile gari kama mtu anayegombana na mke mwenza. Lakini mwisho wa yote bodi ilisimama, sakafu ikabeba mtu, na milango ikafunga kwa kuguswa na kidole.

Mbelwa naye alikuwa na vita vyake. Injini ilikuwa imeng'ang'ana, pistoni zimeshikana na silinda. Aliimwagia dizeli na oili, akasubiri, akajaribu kuizungusha, ikagoma. Akasubiri tena. Siku ilipokubali kuzunguka, boliti moja ikakatikia ndani, na kuitoa kulimchosha kuliko injini yenyewe. Vipuri vya gari lile havikuwa dukani, kwa hiyo vingine alivichonga mwenyewe, akavipima, vikakataa, akachonga vingine. Aliifungua injini yote na kuifunga, akaifungua tena na kuifunga tena. Hatimaye ikawaka. Mzee, aliyekuwa amekaa kibarazani, alitabasamu kwa upande mmoja wa uso.

Halafu gari likazima.

Liliwaka tena, likaenda mpaka karibu na lango, likazima. Mbelwa akabadilisha plagi. Likazima. Akasafisha kabureta, akabadilisha pampu ya petroli, akabadilisha nyaya. Kila mara lilimpa matumaini kwa mwendo mfupi, kisha likakata pumzi. Mbelwa alirusha spana ikaangukia shamba la mihogo, na hakwenda kuiokota.

Masika ilipoingia, mzee alipata kiharusi cha pili, na hicho kikachukua ulimi. Kilichotoka kinywani mwake sasa kilikuwa mvumo tu. Chausiku, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha, kumwogesha na kumgeuza kitandani, alikaa naye kutwa akimsikiliza, mpaka pole pole akaanza kumwelewa. Alipowaambia ndugu zake kwamba baba anataka uji usio na sukari, au kwamba anamuulizia fulani, waliona ni kweli, kwa kuwa mzee alitulia.

Lakini kulikuwa na neno moja lililomsumbua hata yeye. Kila mara gari lilipozima uani, mzee alihangaika kitini na kusema, "Pum... pum..." Sauda alidhani anataka kupumzika, wakamlaza. Kesho yake vilevile, wakamlaza. Mzee alilia machozi, akampiga Mbelwa begani kwa mkono wake mzima, nao wakazidi kuamini kwamba amechoka.

Hali ikawa mbaya nyumbani. Daktari aliwaambia mzee ana nguvu za safari moja, wasimtarajie zaidi. Sauda alimlaumu Mbelwa kwa injini isiyotulia. Mbelwa alisema injini ni nzima na hajui tena pa kugusa. Wakakubaliana, kwa uchungu, kulikabidhi gari kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi alipokuja na lori lake, Chausiku, aliyekesha akimtajia baba maneno na sehemu za gari mpaka akatulia, alisimama katikati ya lango.

"Baba hasemi pumzika," aliwaambia. "Anasema pumua. Tangi halipumui."

Mbelwa alitaka kumpuuza, kisha akarudi uani. Aliliwasha gari, akalisubiri lianze kufa, akafungua mfuniko wa tangi. Hewa iliingia ndani kwa kishindo, na injini ikashika upya, ikanguruma bila kukatika. Walipokagua, waliona kitundu cha kuingizia hewa juu ya tangi kimezibwa, ndiyo maana petroli ilikwama kila gari likienda kidogo. Sauda ndiye aliyekiziba, akidhani kutu imetoboa. Mnunuzi wa vyuma aliondoka na lori tupu.

Asubuhi iliyofuata, hewa ikiwa safi, walimvalisha mzee koti lake na kumkalisha kwenye kiti cha abiria. Gari lilikuwa likinguruma. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, na wote watatu walijua kuendesha.

Sauda alisema, bila bodi, hiyo injini wangeifunga kwenye nini, na baba angekaa juu ya nini. Mbelwa akamjibu kwamba mkono uliotengeneza ndio uliotaka kuua, kwani ni Sauda aliyeziba tundu; bodi bila injini ni kabati. Chausiku alisema wote wawili walikuwa wameshaliuza gari kwa chakavu. Sauda akamgeukia akisema aliyejua ugonjwa wa gari ni baba mwenyewe, yeye Chausiku amefikisha ujumbe tu. Jirani mmoja alishauri waigawane barabara, huyu aendeshe hadi Mombo, yule apokee. Mbelwa akasema barabara inagawanyika, ahadi ya baba haigawanyiki.

Mwishowe wakakubaliana kumuuliza mwenye gari.

Mzee Singano aliwatazama mmoja mmoja. Akavuta pumzi, akatamka neno. Sauda na Mbelwa walisikia mvumo tu. Wakamgeukia Chausiku.

Chausiku alimfuta baba yake mdomo kwa kanga.

"Nimesikia," alisema, "lakini sitasema. Nikijitaja mimi, mtasema nimetunga. Nikimtaja mmoja wenu, mwingine atasema tulipanga."

Walimsihi, akakataa. Wakamtajia mzee majina yao moja moja, naye kwa kila jina akavuma vilevile. Mzee akalirudia neno lile kwa nguvu zaidi, akapiga dashibodi kwa mkono wake mzima, akalirudia tena, na macho yake yakajaa maji kama siku zile walipokuwa wakimlaza bila usingizi. Petroli ilikuwa ikiteketea, jua likipanda, na pumzi za mzee zikifupika. Sauda alikuwa ameshika mlango, Mbelwa ameegemea boneti, Chausiku amesimama na kanga mkononi.

Haya, wewe uliyenyamaza hapo tangu mwanzo. Safari ni moja na kiti ni kimoja. Ungemwambia nani aingie, na hao wawili watakaobaki uani ungewaambia nini?