Hoteli ya Basmati

Wazee wa Shungi walitandaza mpango wa mji wao chini, uani kwa Bi Mwanakheri. Kokoto zikawa soko, makombe ya pwani yakawa msikiti. Tajiri Ghalibu akadai ufukwe wote wa kuanikia dagaa uwe hoteli yake.

"Na sitaki kokoto za maskini!"

"Yako tutaitandaza kwa mchele wa basmati, bwana mkubwa," alisema Bi Mwanakheri.

Mchele ukatandazwa, uso ukamchanua Ghalibu.

"Tukale kwanza," alisema mwezeshaji wa mkutano. "Tukirudi, nitanakili kitakachokuwepo."

"Na mtu asiguse!" akaamrisha Ghalibu.

Waliporudi, ufukwe ulikuwa mtupu.

"Nani kagusa hoteli yangu?"

"Hakuna mtu aliyegusa," alijibu Bi Mwanakheri, akifunga banda la kuku. "Ila hawa nao ni wakazi, na walikuwa hawajatoa maoni."