Kiboko, Sange na Muwa wa Bi Kobe

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa barabara!
Barabara ya nani?
— Ya mwenye magurudumu!
Na asiye na magurudumu je?
— Asimame kituoni!

Haya, nyinyi kaeni. Mimi nitasimama, maana hadithi hii haikaliki. Nikiisimulia nimekaa, miguu inaniwasha. Msellem, toa huo mguu njiani, nitapita hapo mara nyingi.

Hapo kale, wala si kale mno, maana mabasi yalishakuja, palikuwa na mji wa wanyama. Mji ule ulikuwa na barabara moja tu. Ilianzia Mtoni, ikapita kwenye nyumba saba, ikapanda mpaka Kilimani penye mlingoti wa bendera. Na barabara ile ilikuwa na basi moja tu, basi la Kiboko.

Basi la Kiboko lilikuwa la dizeli. Refu, zito, nyuma jeusi kwa masizi. Ubavuni limeandikwa BABA LAO. Likiwashwa, mji mzima unajua: Guruguruguru, puh! Guruguruguru, puh! Mwenye nguo kambani anakimbia kuanua.

Nauli yake ilikuwa muwa. Si pingili, jamani, muwa mzima. Desturi ya mji ule, ukipanda hulipi, lakini ukishuka unatoa muwa mlangoni. Kiboko akiupokea anautia kinywani hapo hapo. Kwachu, kwachu, kwachu! Umekwisha. Anatema makapi dirishani, anataka mwingine.

Sasa, basi lile lilikuwa na tabia moja. Likishachanganya, halikamatiki. Hilo tusilinyime haki yake. Lakini likisimama, kuliondoa tena ni kazi. Linaguruma, linatetemeka, linakohoa, ndipo lijivute. Kwa hiyo Kiboko hakusimama. Alipunguza mwendo kidogo tu, akapiga kelele:

"Toa muwa! Ruka!"

Ngedere anaruka. Digidigi anaruka. Sungura, yeye hata haambiwi. Siku moja ikafika zamu ya Bi Kobe.

"Baba, simama kidogo," akasema Bi Kobe. "Mimi siwezi kuruka."

"Toa muwa! Ruka!"

"Baba, miguu yangu..."

"Ruka!"

Bi Kobe akaruka. Pwaa! Gamba likapasuka, ufa kuanzia shingoni mpaka mkiani. Muwa wake tayari ulikuwa kinywani mwa Kiboko. Kwachu, kwachu.

Tangu siku hiyo Bi Kobe akawa anatembea. Anatoka Mtoni Jumatatu, anafika kwake Mchangani Alhamisi, na bado hajaweka mzigo chini. Katikati ya njia akakutana na Sange.

Sange mnamjua? Yule mnyama mdogo kama ngumi, mwenye pua ndefu inayochezacheza, asiyetulia hata akila. Yupo hapa, mara yupo pale, hujui amepita wapi. Sange akauona ule ufa, pua ikaacha kucheza.

"Bibi, nani kakufanya hivi?"

"Basi, mjukuu wangu."

Sange alikasirika mpaka akazunguka pale alipo mara tatu. Akaondoka. Kesho yake akarudi na basi.

Alilipata wapi? Msellem, ukiniuliza tena kabla sijamaliza nitakutoa nje. Alilipata! Basi dogo, la mseto. Lina kainjini kadogo ka mafuta, na lina betri kubwa chini ya viti. Likiondoka, betri ndiyo inayosukuma. Likifunga breki, betri inajijaza. Halina guruguru wala puh. Ubavuni limeandikwa KIMYA KIMYA. Likiondoka linasema: Nyiiii! Basi. Semeni wote.

— Nyiiii!

Kiboko akaliona. Akacheka mpaka meno yote yakaonekana, na nyinyi mnayajua meno ya kiboko.

"Hicho ni nini? Basi au kibiriti?"

"Ni basi, mzee," akasema Sange.

"Barabara hii haitoshi mabasi mawili. Tushindane. Mtoni mpaka Kilimani, wa kwanza kugusa mlingoti. Atakayeshindwa aondoke barabarani na asirudi."

"Sawa," akasema Sange. Akasema haraka kabla woga haujafika.

Ukafika, woga. Jioni ile ile akaenda kujaribu. Akalipeleka Kimya Kimya penye tambarare, Baba Lao likaja nyuma. Vuuuum! Likampita, likamwachia moshi tu. Akajaribu kulifuata kupanda kilima. Betri ikaanza kuisha, kainjini kadogo kakabaki peke yake, kanalia kama mbu. Sange akarudi nyumbani, akazunguka chumba, akatoka, akaingia, akatoka. Akishindwa, basi limekwenda na Bi Kobe atatembea mpaka afe. Hakuweza kula.

Asubuhi akajificha kichakani karibu na daraja, pale ambapo Kiboko hulazimika kusimama kupisha ng'ombe wanaovuka. Ng'ombe wakapita. Sange akaanza kupiga makofi polepole, kofi kwa kofi, apime Baba Lao litachukua muda gani kufika kwenye mkwaju ulio mbele. Hesabuni na mimi. Guruguruguru, moja, puh! Guruguruguru, mbili, tatu, puh! Nne, tano, sita... Makofi ishirini ndipo likafika mkwajuni.

Akaenda akaleta lake. Akasimama pale pale. Nyiiii! Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Mkwaju huu hapa!

"Ahaa," akasema Sange, na pua ikaanza kucheza tena.

Siku ya mashindano mji mzima ulikuja. Msimamizi alikuwa Bi Twiga, mkuu wa barabara. Alichaguliwa kwa sababu akisimama Kilimani anaiona Mtoni, hakuna wa kumdanganya.

"Semeni masharti yenu," akasema Bi Twiga.

"Hakuna kusimama!" akasema Kiboko. "Mwendo mmoja, moja kwa moja."

"Nakubali," akasema Sange. "Hata mimi sitaki kusimama. Lakini basi bila abiria ni bati tu. Kila nyumba itoe abiria wawili, mmoja apande kwake, mmoja kwangu. Kila mtu na muwa wake."

"Vizuri sana!" akasema Kiboko. Mate yakamjaa.

"Na kwa kuwa hatusimami, tutawapeleka wote mpaka Kilimani, watarudi kwa miguu na miwa yao. Si desturi kutoa muwa kama hujashushwa kwako."

Kiboko akameza mate. Akaitazama ile miwa. Ilikuwa mirefu, myekundu, imejaa maji.

"Nani kasema hakuna kusimama?" akauliza.

"Wewe, mzee."

"Mimi? Mimi nilisema... Abiria ni mtu, jamani! Anayetaka kushuka ashushwe kwake!"

Watu wakacheka. Bi Twiga hakucheka. Alikuwa analiangalia gamba la Bi Kobe.

"Asiyetaka kusimama asisimame," akasema. "Lakini anayeshusha, magurudumu yasimame kabisa. Nikiona abiria ameruka, dereva wake ameshindwa hapo hapo."

Nyumba saba. Sita zikatoa wawili wawili. Ya saba ni ya Bi Kobe, naye anaishi peke yake.

"Huyo mchukue wewe," Kiboko akamwambia Sange. "Kushuka kwake kutakuchosha."

Bi Twiga akaenda kusimama Kilimani, akapandisha shingo, akaishusha. Haya, nendeni!

Nyiiii! Guruguruguru, puh!

Sange akachomoka. Lakini kutoka Mtoni mpaka nyumba ya kwanza ni mbali, Baba Lao likachanganya, vuuuum, likampita! Kiboko akapunga mkono dirishani. Mara ngedere wa nyumba ya kwanza akagonga bodi. Koh!

"Shusha hapa! Muwa huu!"

Kiboko akasema moyoni, huu mmoja tu. Akakanyaga breki. Krrrrii! Kwachu, kwachu. Ndipo akaanza upya: Guruguruguru, puh! Kimya Kimya likafika, koh, likasimama, likashusha, nyiiii, limekwenda!

Nyumba ya pili. Koh! "Shusha hapa! Muwa huu!" Huu mmoja tu. Krrrrii! Kwachu, kwachu. Guruguruguru, puh!

— Nyiiii!

Nyumba ya tatu. Koh! Huu mmoja tu. Krrrrii! Kwachu, kwachu. Guruguruguru, puh!

— Nyiiii!

Mnaona? Kila Kiboko anapoanza kuchanganya, nyumba hii hapa. Kila Sange anapofunga breki, betri inashiba. Ya nne hivyo, ya tano hivyo. Kiboko anajua kabisa kwamba akiacha muwa mmoja tu atampita. Anajua! Jasho jekundu linamtoka. Lakini muwa ukitokea mlangoni, mguu unakwenda wenyewe kwenye breki. Ya sita hivyo hivyo, na miwa ikaisha.

Hapo mambo yakabadilika.

Toka nyumba ya sita mpaka Mchangani kwa Bi Kobe ni kilima kirefu, hakuna kituo. Sange yuko mbele, lakini Baba Lao sasa halina abiria wala sababu ya kusimama. Guruguruguru... vuuuuuum! Linakuja. Sange anatazama kioo, anatazama barabara, anatazama kioo. Betri inashuka. Moshi wa Kiboko umeshaingia dirishani. Mlingoti ule pale, bado hatua mia.

Koh!

"Mjukuu wangu," akasema Bi Kobe, "hapa ndipo kwangu."

Hapa nisikilizeni. Sange akatazama kioo, akamtazama Bi Kobe. Akisimama, Kiboko anampita. Asiposimama anashinda, na Bi Kobe anarudi hatua mia nzima kwa miguu, na ufa wake mgongoni. Sange akasema, "Ee Mungu wangu," akakanyaga breki.

Ssss. Magurudumu yakasimama kabisa.

Vuuuum! Kiboko akapita. "Kwaheri, kibiriti!"

Bi Kobe akaanza kushuka. Mguu wa kwanza. Akapumua. Mguu wa pili. Akapumua. Sange anauma usukani. Mguu wa tatu, mguu wa nne. Bi Kobe akatua chini, akajinyoosha, akatoa muwa wake chini ya kanga. Mnene kama mkono wangu huu, wa kwanza kwa utamu katika mji wote. Wala hakumpa Sange. Akaunyanyua juu kabisa na kupaza sauti:

"Bwana Kiboko! Huu wa nani?"

Kiboko akautazama kwenye kioo. Amebakiza hatua arobaini. Hatua arobaini, Msellem!

Krrrriiii!

"Wangu!" akasema Kiboko. "Lete huo! Wangu!"

"Njoo uuchukue, baba. Unajua mimi siwezi kukimbia."

Kiboko hakurudi nyuma, si mjinga kiasi hicho. Alisimama pale pale, mlango wazi, mkono nje, anasema, "Tupa! Utupe!" Bi Kobe akautupa. Ukaanguka katikati ya njia. Kiboko akautazama muwa, akautazama mlingoti, akatoa shingo nje, akapima.

Nyiiii!

Kimya Kimya likapita pembeni yake. Kiboko akarudi kwenye usukani mbio. Guruguruguru, puh! Moja, mbili, tatu. Guruguruguru, puh! Nne, tano, sita. Puh! Saba.

Ting! Sange ameugusa mlingoti.

Watu walipiga vigelegele mpaka Bi Twiga akainama. Bi Kobe akaurudia muwa wake polepole, akauokota, akampelekea Sange mkononi.

"Bibi," akasema Sange, "ulijua atasimama?"

"Mimi nililipanda basi lake," akasema Bi Kobe. "Kwangu hakusimama, hata nilipomwomba. Kwa muwa nilijua atasimama."

Baba Lao likaondoka barabarani. Likaenda kwenye njia ndefu ya mji wa mbali, isiyo na kituo hata kimoja, na huko nasikia linafanya vizuri sana. Limechukuliwa na Faru. Kiboko mwenyewe akabaki Mtoni, anatembea kwa miguu, anahema.

Siku moja jua kali, akanyoosha mkono njiani. Kimya Kimya likasimama. Kiboko akapanda, viti vikalia, Bi Kobe akasogea dirishani ampe nafasi. Walipofika nyumbani kwa Kiboko, akagonga bodi kwa aibu. Koh. Basi likaanza kupunguza mwendo. Abiria wote wakageuka nyuma, wakapiga kelele kwa pamoja:

"Toa muwa! Ruka!"

Kiboko akainuka, macho chini, akajikunja aruke.

"Kaa, mzee," akasema Sange. "Magurudumu hayajasimama."

Sasa mnataka funzo. Kila siku mnataka funzo, kama vile hadithi haitoshi. Haya, shikeni. Funzo ni hili: ukiwa na safari, usisimame. Ukisimama utapitwa. Vibibi wenye mizigo muwaache huko huko vituoni, wanachelewesha. Na ukitaka kushinda, nunua kitu kikubwa chenye kelele. Msellem, umeandika? Andika vizuri, usome kesho mbele ya bibi yako.

Hadithi yangu imefika kituoni, magurudumu yamesimama. Aliyeipenda ashuke nayo polepole. Asiyeipenda aiache kitini, mimi naendelea nayo.

Na hakuna kuruka.