Mstari wa Wanamieleka wa Marimbani

Hapo zamani, katika mji wa Marimbani, watu walipenda mieleka kuliko walivyopenda kazi zao. Kila baada ya mavuno wanaume walikamatana mishipi katika uwanja wa mchanga mbele ya jumba la Sultani, na sheria ilikuwa moja: aliyegusa mchanga kwa mgongo ameangushwa. Mchezo wenyewe haukuchukua muda. Ubishi wake ndio uliokuwa hauna mwisho.

Ubishi huo ulikuwa na makao yake, nayo ni baraza ya Nassibu, muuza tende. Nassibu hakupata kukanyaga mchanga wa uwanja ila kwa kupita njia, lakini hapakuwa na mwanamieleka, hai au marehemu, ambaye yeye hakuijua daraja yake. Wenzake walikuwa kama yeye. Wazee walisema hajazaliwa wa kumshinda marehemu Shaame, kwa kuwa zama za Shaame wanaume walikuwa wanaume. Vijana wakajibu kwamba Shaame aliwaangusha wavivu wa zamani, na lau angekutana na Usi wao wa leo angeomba maji ya kunywa. Watu wa jumbani wakasema wa kwanza ni Jecha, mlinzi wa mlango wa Sultani. Ukiwakumbusha kuwa Jecha naye aliwahi kuangushwa, walikwambia siku ile mchanga ulikuwa umelowa. Ukiwaambia Usi ameangusha wengi, walikuuliza wengi gani, watu au magunia. Ikawa hakuna aliyeshindwa kwa kushindwa. Palikuwa na homa, au jua la machoni, au pilau iliyoliwa mchana. Na walikuwapo ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, walionuniana kwa ajili ya Shaame, ambaye hata mmoja wao hakuwahi kumwona.

Basi katika mji huo aliishi mtu jina lake Ngwali. Hakuwa na shamba wala duka. Mali yake ilikuwa ulimi. Watu walimwalika harusini awachekeshe, naye akila akashiba, na akirudi nyumbani humletea mkewe, Bi Time, sahani iliyofunikwa kawa. Siku zisizo na harusi walikula walichokipata, na siku nyingine hawakukipata.

Siku moja Ngwali alikuwa amekaa kwenye baraza ile akingoja kahawa ya bure, na ubishi umepamba moto. Waziri Badawi naye alikuwapo, kwani alikuwa shabiki wa Jecha tangu siku Sultani alipomsifu Jecha. Nassibu akamgeukia Ngwali, akamtaka naye aseme, wa kwanza ni nani.

Ngwali akasema, "Nyinyi mnapanga watu kama Nassibu anavyopanga tende zake. Zilizo juu ni za kutazamwa tu."

Wengine wakacheka. Nassibu hakucheka, na Waziri hakucheka. Kahawa ilikuwa haijamfikia Ngwali, na maneno yake yalikwisha kufika jumbani.

Alipopelekwa mbele ya Sultani Hamdani, alimkuta ameketi kitini, Jecha amesimama mlangoni, na Waziri yu karibu na sikio la bwana wake.

"Ewe Ngwali," akasema Sultani, "nimeambiwa unatucheka."

"Maulana, mimi huwacheka watu wa barazani. Sikujua kama nawe hukaa pale."

Waziri akakohoa. Sultani akasema, "Mimi nimesema wa kwanza ni Jecha. Wako wanaosema Shaame, na wako wanaosema Usi. Wewe unasema sote ni wapuuzi. Basi wewe mwenye akili ndiwe utakayewapanga. Nawataka wanamieleka wote wa mji huu, walio hai na waliokufa, uwanjani, mstari mmoja, Ijumaa baada ya sala. Kila mtu asimame nyuma ya yule aliyemwangusha. Na mtu yeyote atakayemweka mwanamieleka mbele ya aliyemwangusha, ulimi wake utakatwa."

Waziri akatabasamu, maana alijua kuwa Marimbani hakuna mwanamieleka asiyewahi kuangushwa. Yeyote atakayetangulizwa, nyuma yake yupo mtu aliyepata kumlaza mchangani. Mbiu ikapigwa mji mzima, na amri ikatangazwa kama ilivyotamkwa.

Ngwali akarudi kwake, akamweleza mkewe.

"Wenzako wana majembe," Bi Time akamwambia, "wewe una ulimi. Nilikwambia uutumie harusini, barazani unyamaze. Sasa tutakula nini?"

Ngwali akaanza kutafuta njia. Alifikiri kukimbilia mji mwingine, lakini mji mwingine nani atamwalika, na mzaha wake wote ulikuwa juu ya watu wa Marimbani? Alifikiri kumweka Jecha mbele ili Sultani afurahi, lakini wazee wa Shaame wangepiga kelele, na mwenye kisu angeitwa. Alikaa akiugusa ulimi kwa meno, kama mtu anayeaga.

Na kuhusu mieleka hakujua lolote. Hakuwahi kuitazama ikaisha; kila mara alisinzia. Basi kesho yake akatoka kwenda kuwauliza wanaojua.

Hakuwauliza nani mkubwa. Alikuwa amelisikia jibu la swali hilo miaka mingi, na halikumsaidia mtu. Alipofika kwa watu wa Usi aliuliza tu, "Mtu wenu alimwangusha nani?" Wakamtajia kwa furaha, wakaapa, wakaleta mashahidi asiowaomba. Akaenda kwa watu wa Shaame, akauliza vilevile, wakamweka mpaka adhuhuri. Watu wa jumbani wakajigamba kwamba Jecha alimwangusha Shaame mwenyewe. Shaame siku hiyo alikuwa mzee na jicho moja halioni, lakini hilo hawakulitaja wao. Nani alimwangusha mtu wao, Ngwali hakuwauliza; jibu la swali hilo alilipata kwenye baraza ya jirani, tena likiwa na nyongeza.

Bandarini akaambiwa habari za Faki. Huyu Faki alikuwa mchukuzi wa magunia, na barazani hakuna aliyemtaja. Lakini wachukuzi wenzake waliapa kwamba siku ya harusi moja alikamatana na Jecha akamwangusha. Ngwali akarudi kwa watu wa jumbani kuwauliza kama ni kweli.

"Aliangushwa, lakini alikuwa ametoka kula," wakasema.

"Mgongo uligusa mchanga?"

"Uligusa, lakini..."

Ngwali akawaachia ile lakini yao, akaenda zake.

Alipofika nyumbani akatandika mkeka, akachukua kokwa za tende, kila kokwa mtu wake, akawa anazipanga na kuzipangua. Alipokuwa akitafuta mwanzo wa mstari, kila aliyemdhania kuwa mwanzo alipata mwingine wa kumweka mbele yake. Akazidi kuweka mpaka mkeka ukawa mdogo na mstari ukabidi upinde. Bi Time akaja akazitazama zile kokwa, akauliza mbona hazina kichwa. Ngwali naye akazitazama. Kisha akamwomba apike chochote kilichopo, kwani hamu ya kula imemrudia.

Ijumaa ikafika. Watu walipotoka msikitini walielekea uwanjani wote, na waliokosa nafasi wakapanda juu ya mapaa. Wanamieleka walikuwa wametangulia kutoka, wamekwisha simama, kila mmoja akitazama kisogo cha aliyemwangusha. Mahali pa marehemu Shaame paliwekwa kigoda, na juu yake mshipi wake, ulioletwa na mjane wake. Mstari ulipita chini ya jumba, ukapinda penye kisima, ukapinda tena penye ukuta wa bohari, ukarudi.

Sultani akatoka, na nyuma yake watumishi wamebeba kiti chake. Waziri akawaambia wakiweke mwanzo wa mstari, mahali panapomstahiki Sultani. Wale watumishi wakaenda kuutafuta mwanzo. Wakafuata mstari, na Sultani akawafuata wao, na Waziri akamfuata Sultani, na watu wa jumbani wakamfuata Waziri, na Nassibu na wenzake wakafuata kwa kuwa hawakupenda kupitwa. Wakapita penye kisima, wakapita penye ukuta wa bohari, wakapita chini ya jumba, wakapita penye kisima. Jua lilikuwa kali.

Sultani akasema, "Badawi, mbona Usi nimemwona tena?"

"Huenda ana ndugu yake pacha, Maulana."

Wakaendelea. Kule juu ya mapaa watu wakaanza kuinamisha nyuso zao, kwa kuwa haikuwa adabu kucheka. Ngwali alisimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, na pembeni yake mtu mwenye kisu.

Hata Sultani alipochoka akaamuru kiti kitue hapo hapo kilipo, akaketi akajifuta jasho. Kiti kilikuwa kimetua mbele ya Faki mchukuzi. Papo hapo Waziri akainua sauti akasema kwamba yeye siku zote amekuwa akisema, kifua kama hiki hakijapata kuonekana Marimbani. Watu wa jumbani wakaitikia. Nassibu akawakumbusha wenzake kuwa hata marehemu Shaame, Mungu amrehemu, alikuwa akimhofia sana mtu huyu, nao wakakumbuka.

Sultani akamtazama Faki vizuri. "Huyu si mchukuzi?"

Waziri akatazama, akaona kosa lake, akawaamuru watumishi wakisogeze kiti nyuma ya Faki, kwani hapo ndipo aliposimama Jecha. Kiti kikapenyezwa katikati yao. Sultani akaketi sasa akimkabili Jecha, na Waziri akayarudia maneno ya kifua kama yalivyokuwa, akabadilisha jina tu. Watu wa jumbani wakaitikia kwa nguvu zaidi.

"Naam," akasema Sultani, "wa kwanza nimemwona. Wa mwisho yuko wapi, Ngwali?"

"Geuka, Maulana."

Sultani akageuka, na pua yake ikakaribia kugusa mgongo wa Faki.

"Huyu? Sasa hivi si alikuwa wa kwanza?"

"Alikuwa wa kwanza kiti kilipokuwa mbele yake. Sasa kiti kiko nyuma yake."

Sultani akamwuliza Faki amemwangusha nani. Faki alikuwa ameacha kazi yake tangu asubuhi, akajibu bila kugeuka sana, "Huyo aliye mbele yako, bwana. Siku ya harusi. Na kama haja imekwisha naomba ruhusa, nina magunia yananingoja."

Minong'ono ikapita uwanjani. Sultani akamgeukia Jecha. "Kweli?"

"Kweli, Maulana."

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa, Maulana. Huulizwa watu wa barazani."

Hapo Ngwali akasogea mbele, akainama, akasema:

"Maulana, mimi niliwasimamisha kila mmoja nyuma ya aliyemwangusha, kama ulivyoamuru. Zunguka tena ukipenda, hutamwona aliyekosewa. Sasa yuko mmoja aliyewekwa mbele ya aliyemwangusha, naye hakuwekwa na mimi. Amewekwa na kiti. Amri yako ilisema mtu yeyote. Mwenye kisu huyu hapa, amesimama muda wote huu. Naomba aambiwe ulimi anaoutaka ni wa nani, wa mwenye kiti au wa aliyeonyesha pa kukiweka."

Waziri Badawi akaupeleka mkono wake mdomoni, akauacha hapo hapo.

Sultani akafikiri, akasema, "Na kiti kikiwekwa mahali pengine?"

"Kiweke popote, Maulana. Utakapoketi, hapo atapatikana wa kwanza, na watu hawa watakwambia walikuwa wakilijua hilo tangu zamani. Na wa mwisho atakuwa ndiye aliyemwangusha."

Sultani akawatazama watu wake mmoja mmoja. Hakuna aliyemtazama yeye. Nassibu alikuwa akitazama ukuta wa bohari kana kwamba ameagizwa aununue. Ndipo Sultani akaona kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiuliza swali huku jibu amelikalia. Hakucheka. Akasimama, akamwambia mwenye kisu aende zake, na amri ile akaifuta kwa sauti ndogo kuliko ile aliyoitolea. Kisha akawaambia watumishi wapumzike, na kiti atakirudisha jumbani Waziri Badawi, kichwani, kwa njia inayopita barazani kwa Nassibu.

Waziri akainama akakibeba. Hapo watu wa mapaani hawakuweza tena kuzuia kicheko.

Sultani akamwita Ngwali karibu, akamwuliza anataka nini.

"Maulana, watu hawa wamesimama juani kwa maneno ya watu waliokuwa wamekaa. Wapewe chakula. Nami nikikumbukwa sitakataa, na mke wangu yuko nyumbani."

Yakaletwa masinia ya wali na nyama ya mbuzi, yakatandazwa kivulini penye ukuta wa bohari. Wanamieleka wakaketi wakala, Jecha na Faki kwenye sinia moja, Usi akimkatia nyama mtu aliyemwangusha. Hawakuzungumza habari za mieleka. Walizungumza habari za mvua. Ngwali akala mpaka akafungua mshipi, na sahani ya Bi Time ikajazwa, ikafunikwa kawa.

Nassibu na wenzake hawakualikwa. Wakasimama kwa mbali wakiwatazama walaji. Baada ya kitambo Nassibu akawaambia kwamba kwa kula hakuna kama Usi. Mzee mmoja akasema hajazaliwa wa kumshinda marehemu Shaame, ambaye alimaliza mbuzi peke yake. Kijana mmoja akauliza mbuzi gani, na wa ukubwa gani, na nani alimwona.

Basi hapo ndipo simulizi hii inapoishia. Waliokula walishiba, na waliobisha walirudi makwao na njaa yao, wakibishana njia nzima.