Video ya Kiboko

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na kamera lakini adabu bado, Kiboko alitunga wimbo. Wimbo mzima ulikuwa maneno mawili: "Kiboko! Mimi!" Akauimba mpaka vyura wakahama mto.

Siku moja akaja, di! di! di!, hadi kwenye jabali la Pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia.

"Hodi! Fungasheni virago! Nitapigia video ya wimbo wangu hapa, na baadaye nitahamia."

"Shikamoo, Mzee Kiboko," Pimbi akasema. Watoto wake wote walizaliwa ndani ya jabali lile. "Na watazamaji wasipokutaka?"

"Wasinitake? Lo! Watazamaji ni makinda ya ndege. Wanafumbua midomo, unatia, wanameza!"

"Basi tuwekeane ahadi. Picha nitapiga mimi. Siku ya kuonyesha tutawauliza wameona nini. Mmoja tu akikutaja wewe, tunahama. Asipokutaja hata mmoja, jabali ni letu."

Kiboko akacheka mpaka mate yakamtoka. "Mwili huu nani asiuone? Nimekubali!"

Mke wa Pimbi aliposikia alijishika kichwa. "Yalaa! Baba watoto, umetuuza!"

"Mama watoto, tulipotazama video ya harusi ya binti wa Kanga, bibi harusi alivaa nini?"

Mkewe akafikiri. "Sijui bwana. Nilikuwa najitafuta mimi. Nilikaa nyuma ya Ngiri."

"Ehee!" Pimbi akasema, akaenda kufuta vumbi kwenye kamera.

Kesho yake akamwambia Kiboko, "Mzee, nyota haimbi peke yake kama mwendawazimu. Anataka watu nyuma yake."

Kiboko kwa kupenda sifa akaita kijiji kizima. Twiga akaja na skafu mpya. Kobe akakata kiuno. Pimbi akaweka sufuria ya nyama pembeni, na Fisi akaganda hapohapo, hasogei wala hasukumiki.

Siku ya kuonyesha ikafika. Kitambaa cheupe kikatundikwa. Kiboko akakaa mbele, amejipaka mafuta mwili mzima. Picha ikaanza: "Kiboko! Mimi!"

"Mimi huyo!" Kobe akapiga kelele. "Jamani, kumbe nina kiuno!"

"Nani kanikata kichwa?" Twiga akalalamika. "Shingo na skafu tu! Rudisheni nyuma!"

"Hee! Ngiri si aliniambia anaumwa?" akasema Kanga. "Mbona anaruka?"

Fisi je? Alikuwa ameshafika kwenye kitambaa, anailamba ile sufuria ya kwenye picha. Chwap! Chwap!

Video ilipokwisha, Pimbi akasimama. "Haya jamani, mmeona nini?"

"Kiuno changu!"

"Skafu yangu!"

"Uongo wa Ngiri!"

"Nyama," akasema Fisi, akilia.

Kiboko akainuka, puu! "Na mimi je? Yule mkubwa, aliyejaa katikati pale, hamkumwona?"

Wakatazamana. Kobe akajikuna.

"Aa, lile?" akasema. "Sisi tulidhani ni jabali."

Kiboko akaondoka bila kuaga, akazama mtoni, akabakiza macho na pua tu. Mke wa Pimbi akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na jabali likabaki lao.

Nanyi wanangu shikeni hili: anayetaka kutazamwa, kwanza awatazame watazamaji.