Aliyemnyoa Nakiete

Sogeeni mnisikilize, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Palikuwa na watu watatu wa msiba mmoja. Shangazi Namsifu alikuwa na mkono wa wembe: kijiji kizima kilimpelekea watoto, na hakuna aliyerudi na kovu. Mjomba Kiangi, mkamuaji wa ng'ombe, alijua kushika bila kubana. Mama mdogo Naetwe alikuwa na sauti. Si nzuri hata kidogo, ila ilikuwa ileile ya dada yake, hata wageni wakipiga hodi walikuwa wakiwachanganya.

Dada huyo, Mbazi, ndiye aliyekufa. Aliacha binti wa miaka mitatu, Nakiete, ambaye baba yake alikwisha kutangulia. Na kwao ilikuwa desturi: siku ya kuondoa tanga wafiwa wote hunyolewa, na yatima huwa wa yule aliyemnyoa. Wote watatu walimtaka. Namsifu hakujaliwa mtoto. Kiangi na Naetwe walikuwa wamemzika dada yao, na sura yake ilikuwa imebaki kwa mtoto huyo tu.

Asubuhi ya tanga Namsifu alimkalisha Nakiete kwenye kigoda. Alipogusa nywele tu, mtoto akaruka. Kichwa kulia, kichwa kushoto, mguu ukapiga beseni, maji yakamwagika.

"Tulia mwanangu, haiumi."

"Sitaki! Kanisuka mama!"

Ni kweli. Misuko ile minne aliisuka Mbazi akiwa kitandani, siku mbili kabla ya kufa, na mmoja ulipinda kwa sababu mkono ulimchoka. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakaacha kumenya. Mimi naona kuna siku desturi ingefaa ijifanye kiziwi. Siku hiyo haikujifanya.

Namsifu akajaribu tena. Wembe ukapita karibu na sikio, akaurudisha upesi.

"Wembe haukimbizani na kichwa," akasema. "Akicheza hivi nitamkata. Peke yangu siwezi."

Kiangi akampakata mtoto, mgongo wake kifuani pake. Kiganja kimoja chini ya kidevu, kingine kwenye paji la uso, akawa anakwenda na kichwa badala ya kushindana nacho, kama afanyavyo kwa ndama. Kichwa kikatulia. Lakini mtoto alilia mpaka mwili wote ukatetemeka, na kwenye mwili unaotetemeka wembe hauwekwi.

"Na mimi nimefika mwisho," Kiangi akasema.

Naetwe alikuwa amejificha nyuma ya mlango, asione misuko ya dada yake ikifumuliwa. Akaita vile marehemu alivyozoea kuita: "Kiete wangu, tulia nikusuke."

Mtoto akanyamaza papo hapo. Wanawake wawili wakatoka nje kulia. Namsifu akafumua misuko, akalowesha nywele kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akavuta ngozi kwa kidole gumba na kunyoa kidogo kidogo, akikunja sikio kila alipolifikia. Kiangi hakuachia. Naetwe aliendelea kuita huku machozi yakimtiririka. Halikutoka hata tone la damu.

Kisha ugomvi ukaanza.

"Nimemnyoa mimi," alisema Namsifu. "Wembe ulikuwa mkononi mwa nani?"

"Bila mikono yangu ungemkata, shemeji."

"Na bila mimi, kaka, angekuwa analia mpaka sasa," akasema Naetwe akitoka nyuma ya mlango.

"Wewe ulimdanganya," Namsifu akamwambia. Naetwe akainama, maana ilikuwa kweli.

Wazee walibishana mpaka wakachoka. Desturi inasema "aliyemnyoa," na zaidi ya hapo haisemi kitu. Wakati huo Nakiete alishuka mapajani, akapapasa kichwa chake kitupu, akaenda kuchungulia nyuma ya mlango. Akarudi akawatazama wote watatu.

"Mama kaenda wapi?"



Je, wewe mwenzangu, ungemkabidhi nani mtoto huyu? Na huyo utakayemchagua, mwambie kabisa: akiulizwa tena, ajibu nini?