Dole la Mwisho la Tusekile

Sogeeni. Mwenye hasira zake aingie nazo, asiziache mlangoni. Leo tutazihitaji.

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, ndama aliyezaliwa wiki ile hata pembe hajaota, palikuwa na chama cha wafugaji kwenye miteremko ya Rungwe. Nyumba sitini, kila nyumba na ng'ombe wake wawili watatu. Kila asubuhi maziwa yalibebwa kwa ndoo hadi kwenye tangi moja la kupozea, na gari la kiwanda likaja kuyachukua. Chama kilikuwa na sheria nyingi zilizoandikwa, ambazo hakuna aliyezisoma, na sheria moja isiyoandikwa, ambayo hata watoto waliijua: aliyemwaga ndiye aoshaye. Ukimwaga maziwa ya wenzako, unainama, unaosha ndoo za wote mbele ya wote. Hakuna faini, hakuna polisi. Ni aibu tu, na aibu inatosha.

Fedha za chama zilikaa katika akaunti ya hundi kwenye benki iliyo juu ya kilima cha mjini. Watu waliiita Benki ya Juu. Kila hundi ilitaka watu watatu: mwenyekiti, mzee Ambakisye; katibu, mwalimu Atupele, ambaye jioni alifundisha kisomo cha watu wazima; na mhazini, Tusekile. Wawili walitia saini. Tusekile alipiga dole gumba.

Sasa mjueni Tusekile. Mwaka aliofiwa na mumewe, mashemeji zake walimjia na karatasi. "Shemeji, weka dole hapa. Dole moja tu, ni karatasi ya rambirambi." Akaweka. Kumbe ilikuwa karatasi ya shamba. Shamba lote la chai na migomba ya bondeni vikaondoka kwa wino wa kidole kimoja. Alipokwenda kulalamika barazani, alionyeshwa lile dole. "Si lako hili?" Lilikuwa lake. Tangu siku hiyo alikichukia kile kidole kama ndugu aliyemsaliti. Na wenzake wakamfanya mhazini kwa sababu hiyo hiyo, kwamba aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka.

Akiwa na miaka hamsini na minane aliingia darasani kwa Atupele. Miezi saba alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga ubao, wajukuu wa watu wakimchungulia dirishani na kucheka. Siku alipoandika jina lake lote bila kutazama ubaoni, alirudi nyumbani akaliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa zizi. Akaapa mbele ya darasa: "Dole langu halitagusa wino tena. Hata nikifa, msiniwekee."

Haya. Jumatano moja mashine ya tangi ikafa. Fundi akaja kutoka Mbeya na kifaa kipya mkononi. "Nilipeni kwanza, ndipo nifunge," akasema. Hakuwa mtu mbaya, ila vyama vitatu vilikwisha mdhulumu. Hundi ikaandikwa. Ambakisye akatia saini. Atupele akatia saini. Tusekile akaishika kalamu, akaandika herufi moja baada ya nyingine, ulimi nje: Tusekile. Fundi akaipandisha hundi kilimani.

Hundi ikakataliwa. Kwenye kadi ya saini iliyotunzwa benki palikuwa na dole, na kwenye hundi palikuwa na jina. Saini haifanani. Fundi akatia kifaa chake begini, akaenda zake.

Na siku ile jua, ambalo kwa Rungwe ni mgeni, likaamua kuwaka. Gari la kiwanda lilipokuja, dereva alifunua tangi, akanusa, akafunika. Akaondoka bila tone. Kila nyumba ilichukua maziwa mgando kadiri ilivyoweza kunywa, na yaliyobaki yakamwagwa mtaroni. Mbwa walikunywa wakashiba, wakaondoka, na maziwa yakaendelea kupita. Wanawake walisimama kando ya mtaro ule wakilia kwa hasira. Tusekile hakulia. Alikuwa na hasira iliyokausha machozi.

Mkutano ukaitwa pale pale. "Tuhame!" watu walipiga kelele. "Tuhame benki!"

Palikuwa na benki nyingine, mpya, chini karibu na stendi. Meneja wake alikwisha waambia: "Leteni barua ya kufunga akaunti ya juu, ambayo watatu wote wameikubali. Siku hiyo hiyo nawafungulia kwangu, na mama atatia saini kwa jina lake. Fundi wenu atalipwa kabla sijafunga mlango."

Mzee mmoja akainuka kusema kwamba miaka kumi na tisa si mchezo, na zimwi likujualo halikuli likakwisha.

"Limekunywa tangi zima," Tusekile akamjibu. "Unataka likubakishie nini? Ndoo?"

Mikono ikanyooshwa. Wakakubaliana kuhama.

Alhamisi maziwa waliwanywesha ndama. Ijumaa watatu wakapanda Benki ya Juu na barua. Fundi alikuja pia, akakaa kwenye benchi, kifaa mapajani. "Nasubiri hadi saa kumi," alisema. "Ikipita, kuna chama kingine kinakitaka." Na kule kijijini nyumba sitini zilikwisha jaza tena lile tangi bovu, kwa sababu Tusekile aliwaambia wajaze.

Dirishani alikaa karani Elifuraha, mtu mzima mwenye upara na kalamu mbili mfukoni. Ambakisye akatia saini kwenye barua. Atupele akatia saini. Tusekile akachukua kalamu. Elifuraha akaifunika barua kwa kiganja.

"Samahani, mama. Kadi inasema dole." Akamsogezea kidau cha wino, akakifunua. "Ukitaka kubadili kadi, ni siku kumi na nne."

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na nusu.

"Chovya, mama," Ambakisye akanong'ona. "Dole moja tu, la mwisho. Baada ya hapo tunahama na hutadaiwa dole tena maisha."

"Hata mashemeji zangu walisema dole moja tu."

"Mama, maziwa yanangoja!"

Hapo Tusekile akapandisha sauti, na foleni yote ikageuka. "Tuna sheria yetu. Aliyemwaga ndiye aoshaye. Kama mimi ndiye niliyemwaga maziwa ya Jumatano, nitainama nichovye kidole changu hapa mbele ya watu. Kama si mimi, aliyemwaga ajisafishe mwenyewe, na njia ya kuipitisha barua hii ataijua yeye. Haya, semeni. Nani alimwaga?"

"Si mimi," alisema Elifuraha. "Mwaka juzi alikuja mtu hapa na hundi yenu ya wizi. Jina la mama huyu limeandikwa, mwandiko mzuri. Nikatazama kadi, nikaona mama anapiga dole, nikamshika. Ningekubali majina yasiyo kwenye kadi, leo msingekuwa na akaunti ya kuhamisha."

Ni kweli. Tusekile mwenyewe alimpelekea mkungu wa ndizi kumshukuru.

"Lakini unanijua!" Tusekile akasema. "Miaka tisa unaniuliza hali ya ng'ombe wangu, hata majina yao unayajua. Umekiona kikaratasi kina jina langu, ukashindwa kuinua simu uniulize, mama, ni wewe?"

Elifuraha akatazama kalamu zake. "Foleni ilikuwa ndefu," akasema.

"Si mimi," alisema Atupele. "Nilimfundisha kuandika, na hilo sitaliomba radhi. Tena nilimwambia, mama, kwanza tukabadilishe kadi benki."

"Jumatano ulinitazama nikiandika kwenye hundi."

"Nilikutazama."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Mwalimu machozi yakamlengalenga. "Ulikuwa unaandika vizuri, mama. Ningekunyang'anyaje kalamu?"

"Basi ni mimi?" Ambakisye akafoka. "Mimi niliyemsihi fundi, nikataka kumwekea ndama wangu rehani? Muulizeni, yuko pale!"

"Kweli alitaka," fundi akaitikia kutoka kwenye benchi. "Ningepanda naye basi gani, huyo ndama?"

Wengine wakacheka. Elifuraha hakucheka. "Mzee," alisema, "fomu ya kubadili kadi nilikupa kwa mkono wangu. Mwezi wa tatu."

Wote wakamgeukia mzee. Mzee akaingiza mkono kwenye koti lake, akaitoa. Ilikuwa imekunjwa mara nne na inanuka ugoro.

"Ilitaka picha zetu watatu," akasema, "na watatu tuje mjini siku moja. Nani angekamua? Nikasema tungoje mvua ziishe."

"Mzee! Rungwe mvua huisha lini?" Tusekile akauliza.

Na hapo akahisi ushindi ukimpanda kifuani, mtamu. Karani ana kosa, mwalimu ana kosa, mwenyekiti ana kosa tena linanuka. Angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa mwanamke aliyeshiba uongo wa watu, na hakutaka kuongeza wake.

"Na mimi nilijua," akasema.

Ambakisye akaikunja tena fomu yake.

"Mwalimu aliniambia habari ya kadi, nikasikia. Jumatano nimeshika kalamu, nikaikumbuka kadi. Dole lilikuwa hapa, kalamu hapa. Nikasema moyoni, wathubutu kulikataa jina langu niwaone. Wakathubutu."

Akaigeukia foleni. "Lakini jina ni langu. Hilo nalo si kweli?"

Fundi akasimama. Akatazama saa ya ukutani, akakipangusa kifaa kwa shati, akafungua zipu ya begi. "Jamani, mimi nakwenda," alisema, ila miguu yake haikwenda bado.

Sasa watazameni. Kidau kiko wazi, na wino unameta. Huku kidole cha karani aliyelinda kadi na kumsahau mtu. Huku kidole cha mwalimu aliyeona akanyamaza. Huku kidole cha mzee kinachonuka ugoro. Na huku kidole cha Tusekile, kilichokwisha mpotezea shamba, kimefichwa ndani ya ngumi. Akichovya, maziwa yanapona na akaunti inahama, na kiapo chake kimekufa mbele ya watu. Asipochovya, ameshinda yeye, na jioni nyumba sitini zinarudi mtaroni na ndoo.

Msinitazame mimi, maana mimi nilikuwa kwenye foleni tu, na hasira zangu hadi leo sijui nimpe nani. Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa ndiyo kabisa. Sheria mnaijua: aliyemwaga ndiye aoshaye.

Je, nani alimwaga maziwa yale? Na kati ya vidole vinne vilivyokizunguka kidau, ni kipi kilistahili kuchafuka?