Shogi la Tarishi

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa kwato mchangani na masikio hewani.

Semeni tena, huyu wa nyuma amesinzia.

— Pakawa kwato mchangani na masikio hewani!

Haya. Sogezeni kuni, tuanze.

Zamani, zamani hasa, punda walipokuwa bado wakisema na watu, na watu wakiwa bado na muda wa kuwasikiliza, palikuwa na mji uitwao Shungi. Vichochoro vyake vilikuwa vyembamba hata watu wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Kila kitu kilipita juu ya mgongo wa punda: maji, kuni, chokaa na mawe ya kujengea. Mzigo ulitiwa ndani ya shogi, mfuko wa ukili wenye matumbo mawili, moja ubavu huu na moja ubavu ule.

Kila mwaka, mwezi wa Maulidi, punda walishindanishwa ufuoni. Na desturi ya Shungi ilikuwa hii: punda aliyeshinda alifungwa kitambaa chekundu shingoni, na mpaka mbio za mwaka wa pili hakuvishwa shogi. Waliobaki wote walibeba.

Basi palikuwa na punda jina lake Tarishi. Bwana wake aliitwa Famau, naye ndiye aliyempanda. Tarishi alishinda, akashinda, akashinda. Watoto waliozaliwa mwaka wa ushindi wake wa kwanza walihitimu Kurani chuoni, na kitambaa bado kiko shingoni mwake. Akipita kichochoroni, wanawake walimtolea ukoko wa wali mlangoni. "Pita, mwenye mji, pita."

Lakini miaka haina hatamu ya kuivuta. Goti lake la mbele likaanza kuvimba. Mwaka ule akashinda kwa mwili mzima. Mwaka uliofuata akashinda kwa shingo. Mwaka uliofuata tena akashinda kwa sikio, na sikio la punda, mnajua, ni refu.

Mbio nyingine zikakaribia, na mji ukagawanyika. Barazani hakukuzungumzwa jingine.

"Akimbie. Bingwa hufia ufuoni."

"Apumzike. Jina lake mmelila vya kutosha."

"Apumzike wapi?" akasema Fundi Lali, mwashi. "Asipokimbia atavishwa shogi kama wenzake. Nina msikiti wa kumaliza, na mgongo ule haujapata kubeba hata kokoto."

Watu wakacheka, lakini desturi ilikuwa upande wake.

Nyumbani, mkewe Famau, Mwana Heri, akasema, "Mume wangu, mwache mnyama."

"Nikimwacha, mawe ya Lali yatamuua."

"Na mbio zitamfanya nini?"

"Mbio anazijua."

"Wewe ndiye unayezijua. Ukishuka mgongoni mwake, utakuwa nani hapa Shungi?"

Famau akainuka. Akachukua mafuta ya simsim akaenda zizini kumkanda punda goti.

"Tarishi, utakimbia?"

"Kanda."

"Tarishi, utakimbia?"

"Kanda, bwana wangu, hapo hapo."

"Tarishi, nakuuliza, utakimbia?"

"Miaka yote hukuniuliza. Mbona leo?"

"Kwa sababu leo sijui."

Tarishi akatafuna jani lake taratibu. "Unazikumbuka mbio za kwanza?"

"Nazikumbuka. Ulitoka, nyuma pakabaki vumbi."

"Ulikuwa mwepesi. Nilidhani umeanguka njiani."

"Na sasa?"

"Sasa najua upo."

Wakacheka. Tarishi akasema, "Nikikimbia, goti. Nikikaa, mawe. Basi tukimbie. Mawe sikuyazoea, na uzee si wakati wa kujifunza mawe."

Siku ya mbio ikafika. Kando ya Tarishi alisimama punda kijana, Kinanda, mwili unang'aa kama umepakwa samli.

"Shikamoo babu. Leo nikupishe au unipishe?"

"Marahaba. Pita ukiweza. Mimi sijapata kuona mkia wa mtu."

"Utauona leo, babu. Ni mzuri."

Ngoma ikalia. Mbele Tarishi, nyuma Kinanda. Kisha ubavu kwa ubavu. Kisha mbele Kinanda, nyuma Tarishi, na hapo Famau akalisikia lile goti likiteguka, akalisikia mapajani mwake kana kwamba ni lake.

"Mchape, Famau!" ufuo ukapiga kelele. "Mchape, bado kidogo! Mchape!"

Tarishi akasema kwa pumzi iliyobaki, "Nichape, bwana wangu. Bado ninayo moja."

Famau akavuta hatamu. Akashuka. Akatembea kando ya punda wake, mkono shingoni mwake, hadi mwisho wa mbio. Punda wote wakawapita, hata punda jike wa muuza samli, aliyekuwa na mimba.

Huko mwisho Fundi Lali alikuwa akingoja na shogi mkononi. Famau akalipokea, akalitia begani mwake mwenyewe.

"Hilo si lako," akasema Lali.

"Tangu leo ni langu."

Kesho yake akaonekana kichochoroni, shogi begani, mawe ndani, na Tarishi akichechemea nyuma, mgongo mtupu. Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili walimpisha njia. Siku ya tatu walifunga milango kwa haya.

Fundi Lali akamfuata. "Bwana Famau, tua. Mawe yangu unayaangusha, yanavunjika."

"Nikitua, nani atayabeba?"

Pale pale akapita Kinanda na kitambaa chake chekundu, ameshiba, anarusha mateke kwa kukosa la kufanya. Lali akamtazama huyu, akamtazama Tarishi.

"Mwenye miguu minne mizima tumempumzisha," akasema, "na mwenye mitatu tulitaka kumtia kazini. Hivi sisi watu wa Shungi tulifikiri vipi?"

Wakakaa barazani, wakaibadili desturi: mshindi apewe kitambaa, na pumziko apewe punda aliyemaliza miaka yake ya kukimbia. Kinanda akanung'unika, "Nimeshinda, kumbe nimeshindia mawe." Tarishi akamwambia, "Subira, mjukuu wangu. Pumziko lako liko mbele. Langu lilichelewa njiani."

Wako wanaosema hata leo kwamba angechapwa angeshinda. Huenda. Mimi sikuwa mgongoni mwake.

Ninalolijua ni hili: alasiri, maji yakipwa, wazee wale wawili waliteremka ufuoni polepole. Mara nyingine upepo ukivuma, Tarishi aliinua masikio, akakimbia hatua chache, akasimama, akageuka.

"Nimeshinda?"

"Umeshinda," akasema Famau.

"Nani wa pili?"

"Mimi."

Funzo, kwa wanaolitaka: msingoje mkimbiaji aanguke ndipo mmuulize kama amechoka. Na mkimpumzisha, mpeni pumziko, msimbadilishie mzigo. Ningesema zaidi, lakini sauti yangu nayo ina goti.

Ngano naitua hapa. Ikiwa nyepesi, nendeni nayo nyumbani. Ikiwa nzito, niachieni niibebe mwenyewe.